Nyota ya Tatu

Ijumaa ile, kule Burundi, kabla sijajua kwamba ng'ambo ya ziwa kuna kijiji kinaitwa Kasekese, mama alikuwa anapika maharage ya siku mbili. Sisi ni Wasabato. Jumamosi kwetu moto hauwashwi, tunakula kiporo, na mimi nilikichukia kiporo kile kwa moyo wote.

Baba aliwazidi Wasabato wenzake. Mchungaji mmoja alimfundisha Wayahudi wanavyoitunza siku hiyo, naye akatuletea nyumbani: Sabato haiishi jua likizama, inaisha nyota tatu zikionekana. "Mtumwa hana siku ya kupumzika," alituambia. "Walipotolewa Misri ndipo wakapewa Sabato. Lakini uhai ukiwa hatarini, Sabato inasogea pembeni." Sisi watoto tulisimama uani tukigombania kuiona nyota ya tatu, maana hiyo ndiyo iliyoleta uji wa moto.

Bunduki zilianza kulia mama akiwa anaipua chungu. Tulikimbia nacho.

Jumamosi ilitukuta bondeni, kwenye kipande cha nchi kavu katikati ya mafunjo, pamoja na jirani yetu Daudi na wanawe. Wenye bunduki walikaa kilimani wakitafuta moshi. Asubuhi tuliona moshi ukipanda upande wa pili wa bonde. Kisha risasi. Kisha kimya.

Daudi hakuwa Msabato. Alikuwa na unga, kiberiti, na binti wa mwisho, Ana, mwenye homa. Mama aligawa maharage yetu kwa wote, kijiko kwa kijiko, mpaka akakwangua chungu. Ana alikataa. Alitaka uji.

"Mzee, nakuheshimu," Daudi alimwambia baba. "Nangoja Sabato yako iishe. Giza likiingia, moshi hawauoni."

"Mwanga wa moto je?" baba aliuliza.

Jua likazama. Kilimani mtu alikohoa, karibu kuliko tulivyodhani.

Daudi alitoa kiberiti.

"Tatu hizo, Mzee. Niache nimpikie mtoto."

Baba alitazama juu. Hata mimi nilikuwa nimeshaziona, nyingi.

"Mimi sijaziona," alisema.

Baba yangu hakuwa mtu wa uongo, na Daudi alilijua hilo. Akarudisha kiberiti mfukoni.

Alfajiri wale watu walikuwa wameondoka. Ana hakuamka.

Tulivuka ziwa pamoja, tukaishia huku Katavi. Leo tuna uraia, na mahindi ya Daudi yanapakana na yetu. Watoto wake waliobaki wana watoto wao. Sijawahi kumsikia akimlaumu baba, wala baba akijitetea. Ila tangu tufike Kasekese, Jumamosi jioni baba hakutoka nje kutazama angani. Alikaa ndani hadi sisi tulipowasha moto, mpaka alipofariki.

Sasa ni Daudi anayekuja, na hadi leo si Msabato. Anasimama uani kwetu, mzee wa mkongojo, anainua uso.

"Tatu hizo," ananiambia. "Washa, mwanangu."

Nawasha. Moshi bado unanitisha. Kikombe cha kwanza cha uji nampa yeye. Hanywi haraka. Anaupuliza, anaupuliza, hadi unapoa kiasi cha mtoto kuunywa.