Mabati Kumi na Mawili

Harufu ya mkeka uliolowa mvua siivumilii hadi leo, na mimi sasa ni bibi kizee mwenye vitukuu. Inanirudisha Ilula, miaka ile ya hamsini, baba yangu, aliyekuwa seremala, alipopata kazi Mbeya na sisi tukaambiwa tunahama. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi, lakini juu ilikuwa na mabati kumi na mawili, na siku zile nani angeacha mabati nyuma? Ukihama, unahama na paa lako.

Mwenye lori aliitwa Filipo, bwana mwenye mdomo mtamu ajabu. Alimwambia baba, "Jumatano asubuhi nipo hapa, fundi. Nikute kila kitu kiko chini, mimi sina muda wa kusubiri." Basi Jumanne baba akapanda juu, akang'oa misumari, akashusha mabati yote na kuyapanga kando ya barabara. Jumatano tukashinda juu ya mizigo, tukikodolea macho vumbi la kila gari. Filipo hakuonekana. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Sikutaka kuachana na rafiki zangu, nikaomba moyoni asije kabisa.

Alhamisi alipita, lori limejaa vitunguu vya watu wengine. Hata injini hakuzima. "Kesho, mama, kesho! Msiguse kitu!" Mama alikuwa amembeba mgongoni mdogo wangu Tito, ambaye hata mwaka alikuwa hajatimiza. Akamwambia baba, "Baba Anna, turudishe hata mabati manne, mtoto alale pakavu. Wingu lile silipendi." Baba akakataa. "Akinikuta juu ya paa ataondoka zake, na kazi atapewa mwingine. Ni kesho tu, mke wangu."

Ijumaa jioni mvua ya kwanza ya mwaka ikatukuta ndani ya kuta nne tupu. Ilikuwa mvua ya mawe, na baridi ile ya kwetu mnaijua. Mama alimwinamia Tito mkekani, baba akashika bati juu ya vichwa vyao kwa mikono miwili, huku upepo ukimnyang'anya. Tulipofika kwa jirani, mtoto alikuwa amelowa chapachapa, anatetemeka. Kichomi kikamshika. Jumapili, watu wakiwa bado kanisani, Tito akatutoka.

Filipo alikuja Jumatatu, akipiga honi. Baba alikuwa ametoka kulaza bati moja juu ya kaburi na kuliwekea mawe, ili mwanawe asinyeshewe tena. Filipo akayatazama mabati yaliyobaki. "Fundi, uliniambia kumi na mawili. Moja liko wapi?" Baba akayapakia yale kumi na moja. Alipanda nyuma ya lori, akakaa akitazama tulikotoka, mpaka Mbeya.

Huko, pengo la bati lile aliliziba kwa nyasi, na kila masika lilivuja. Hakununua lingine, hata alipoweza.

Juzi mjukuu wangu alihama kutoka mtaa wetu huu wa Soweto, hapa Mbeya. Aliita gari kwa simu, akasema, "Linakuja sasa hivi, bibi." Nikamkataza kushusha hata pazia. Wakacheka, "Bibi naye!" Waache wacheke. Nilimpakata kitukuu wangu, nikakaa juu ya kitanda chao, na kitanda kile hakikufunguliwa mpaka nilipolisikia gari limezima injini mlangoni.