Kijia cha Nyuma ya Mkonge

Siku niliyofunga kitambaa chekundu kwenye spoki ya baiskeli yangu, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Kila kitambaa kilipofika juu, nilihesabu mzunguko mmoja. Hivyo ndivyo nilivyopima njia za baiskeli za Nakuru.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetukataza sisi Waafrika kupita Milimani, mtaa wa Wazungu, kwa baiskeli, na kwenye barabara kuu kulikuwa na kizuizi cha askari. Bila kibali hupiti. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya ujenzi. Kuchora ramani sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa karatasi zilizotupwa, na kwa hiyo niliogopa kukosea kama wengine wanavyoogopa nyoka. Mstari ukipinda, chakula hakishuki.

Mzungu wa ofisi alitaka ramani ya njia zote wanazopita watu wetu. "Ni kwa mipango," alisema. Sikuuliza mipango gani.

Nyuma ya ua wa mkonge kulikuwa na kijia kilichokwenda moja kwa moja hadi hospitali. Hakikuwa kwenye karatasi yoyote. Mzee Barnaba, jirani yangu aliyeuza maziwa kwa baiskeli, alinikuta humo nikihesabu.

"Kijana, siku hizi unahesabu magurudumu? Mbuzi wameisha?"

"Napima, mzee. Ni ramani ya mji."

"Na hii yetu utaiweka?"

"Ramani ikiacha njia, ni mbovu."

"Basi iache iwe mbovu. Rebeka wangu ana kifua, unajua. Hii ndiyo njia yake."

Niliichora ramani ile mara tatu. Mara mbili za kwanza nilikiacha kile kijia, na ile nafasi nyeupe ikanisumbua kama jino bovu. Mara ya tatu nikakiweka, kwa wino mwekundu, pamoja na urefu wake. Mzungu akanigusa bega: "Kazi safi." Nakiri kwamba nilifurahi.

Wiki iliyofuata njia zote za ramani yangu zilifungwa kwa seng'enge. Asubuhi moja Barnaba alimpakia mkewe, Rebeka, kwenye keria, akakuta kijia kimezibwa, akageuka hadi kwenye kile kizuizi cha barabara kuu. Askari wakamdai kibali cha baiskeli. Walipomaliza kumhoji, Rebeka alikuwa amekata roho, kichwa kimeegemea mgongo wa mumewe.

Matangani nilijipanga kusema pole. Barnaba akanitangulia, kwa sauti ya chini.

"Ulipima vizuri, kijana. Hawakukosea hata hatua moja."

Mwanangu, nakuona unavyofuta na kuandika upya, na raha yake naijua. Lakini kabla hujamaliza kazi, uliza itaishia mikononi mwa nani, na atamfanyia nani nini. Usipojibiwa, acha pengo. Aibu ya kazi yenye pengo utaizoea. Hii yangu mimi sijaizoea mpaka leo.

Mungu akupe mkono hodari, na siku ikibidi, akupe nguvu ya kuutia mfukoni.