Jina la Thelathini na Moja

Kompyuta ya shule ilinizimikia mikononi saa tatu asubuhi, na ndani yake mlikuwa na majina thelathini na moja ya wanafunzi wetu wa mwaka wa sita. Asiyekuwa kwenye orodha hafanyi mtihani wa taifa. Daftari la karatasi lilikuwa limeloweshwa na paa la ofisi linalovuja, wino wote umekuwa madoa. Na mwenye pikipiki pekee aliyekuwa bado anathubutu kwenda Kasongo, orodha inakopelekwa, alisema anaondoka saa sita, kabla mito haijajaa.

Kosa lilikuwa langu, sina wa kumsukumia. Chaja yake iliungua, nikaipeleka kompyuta kwenye kibanda cha kuchajia simu, hapa Kabambare, nikachomeka chaja ya simu. Mdomo uliingia vizuri, alama ya umeme ikaonekana kwenye kioo, nikaridhika. Lakini asilimia zilikuwa zinashuka. Mama mwenye kibanda akaniona.

"Mwalimu, iyo ni ya simu. Mudomo inaingia, lakini nguvu yake iko kidogo. Mashini inakunywa kuliko unaipatia. Zima kwanza."

Mimi, katibu wa shule, nifundishwe kompyuta! Nikamjibu kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kwa hasira nikachomeka na diski mpya, ninakili orodha upesi. Taa ya diski iliwaka, kioo kikawa cheusi.

"Mutu haongezake kitu mupya ku mashini yenye iko na njaa," akasema mama yule bila kucheka. "Sasa acha ikunywe polepole. Mupaka jioni."

Jioni! Nikakaa kwenye benchi, simu za watu zimening'inia kila upande, mvua inapiga bati. Kuondoka siwezi, mashine si yangu. Kufanya kazi siwezi. Nilikuwa mbuzi aliyejifunga kamba mwenyewe, na nilijichukia.

Nikaomba karatasi, nikaanza kuandika majina kutoka kichwani. Watukutu walikuja wa kwanza, kama kawaida yao. Kisha wenye akili, kisha wengine. Yakafika thelathini. Nikasoma yote kwa sauti, nikahesabu. Thelathini. Nikasoma tena. Nje, mwenye pikipiki alishaanza kufunga mizigo kwa mipira.

Nilipoinua kichwa, binti wa marehemu kaka yangu alikuwa mlangoni, kumbe tangu nilipoanza kusoma, na sahani ya bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Nimemlea tangu hajaota meno. Ana jina la mama yangu mzazi, na jina la mzazi halitajwi ovyo, kwa hiyo nyumbani kwetu tunamwita Mama tu.

"Mama, hawa unasoma nao," nikamwambia. "Nani anakosa hapa?"

Aliweka sahani chini, akaifuta mikono kwenye kitenge.

"Ni miye, Baba."

Nilihisi damu inanipanda usoni. "Umenisikia nikisoma mara mbili! Mbona hukusema?"

"Nilizani umeshaamua nibakie ku shamba."

Hakulalamika. Alisema tu, kama mtu aliyekwisha kulizoea jambo. Honi ya pikipiki ikalia. Niliandika jina la mama yangu chini ya mengine. Binti alisogea, akainama, akaifuata kalamu kwa macho mpaka herufi ya mwisho, asije akakuta nimeishia katikati.