Kwenye igizo mimi ni mama yake, moyoni nampenda

Admin, naomba ulifiche jina langu kabisa, maana Bariadi tunajuana na huu ukurasa mpaka mama yangu mdogo anaufuata. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nipo kidato cha tatu. Nyumbani ni Zagayu, ila nakaa hapa mjini kwa mama mdogo ili niwe karibu na shule. Wakubwa mtasema ni mambo ya kitoto, lakini mwenzenu hata ugali haupiti.

Darasani kwetu kuna kijana, nitamwita Masunga. Nampenda tangu mwaka jana na sijawahi kumwambia mtu, hata Neema, rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Mwalimu wa Kiswahili alipotangaza igizo la mahafali ya kidato cha nne, la kijana wa kifugaji anayeoa, nikasikia Masunga ndiye bwana harusi. Nikawahi kunyoosha mkono niwe bibi harusi. Mwalimu akaniangalia, akasema, "Wewe una sauti nzito na Kisukuma kinakutoka vizuri. Utakuwa mama wa bwana harusi." Bibi harusi akapewa Neema.

Basi nikazungushiwa vitenge kiunoni ili ninenepe, nikapigwa kilemba, nikawa mama. Kumbe jina ndilo linaniganda hivyo! Masunga akinikuta getini asubuhi anainama, "Mwangaluka, mayu!" Mayu ni mama, kwa msiojua. Darasa zima likadaka. Nilikuwa nacheka nao, halafu naenda chooni kulia.

Kilichoniua zaidi, siku chache kabla ya mahafali alinifuata nikiwa nafagia bwalo. Akasema, "Mayu, nina shida. Nampenda Neema, siyo ya igizo, kweli kweli. Wewe ni rafiki yake, niombee."

Nikamjibu, "Sawa, mwanangu."

Mwanangu! Mdomo wangu mwenyewe ndio uliosema. Na kumwambia Neema nikashindwa.

Siku ya mahafali, ni wiki iliyopita tu, wazazi walijaa. Mwisho wa igizo mama anatakiwa kuunganisha mikono ya maharusi na kusema, "Wanangu, nimeridhia." Nikaishika mikono yao. Wa Masunga ulikuwa wa moto, una jasho. Nikafungua mdomo, likatoka, "Sijaridhia."

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja kule nyuma akapiga kigelegele, "Mama mkwe huyo!" Masunga alidhani nimeongeza vionjo, akapiga magoti. "Mayu, kwa nini?"

Nikasema, "Kwa sababu hujawahi kuniuliza mimi nataka nini." Na machozi yakanitoka, ya kweli. Nikapigiwa makofi mpaka mgeni rasmi akasimama. Mwalimu akasema nina kipaji.

Neema peke yake hakucheka. Tulipokuwa tunavua mavazi akaniuliza taratibu, "Ulikuwa unaigiza?" Nikajifanya natafuta pini chini. Hakuuliza tena. Alinifungua kilemba, akakikunja, akaondoka.

Sasa jana Masunga alinisubiri njia ya sokoni, kashika baiskeli. Akasema, "Nimemwambia Neema mwenyewe. Kanijibu nikakuulize wewe kwanza. Nimewaza wee, sijaelewa. Nikuulize nini?"

Hakuwa anatania. Alinikodolea macho kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Nikamwambia mama mdogo anasubiri nyanya alizonituma sokoni, nitamjibu Jumatatu.

Neema sijui kama naye anampenda, hajaniambia. Tangu mahafali tunakaa dawati lile lile lakini ananiongelesha kwa upole, kama mtu anayemuuguza mgonjwa, na upole wenyewe ndio unanitesa. Nikisema ukweli naogopa Masunga atanicheka na rafiki nimkose. Nikinyamaza, ni mimi mwenyewe nitakuwa nimewaozesha, na safari hii hakuna wa kunipigia makofi.

Dada zangu, kaka zangu, mliowahi kupita huku msinitukane, nishikeni mkono. Jumatatu ndiyo kesho. Nimwambie aniulize nini?