Kengele Kwenye Fimbo ya Asukile

Jumapili ya tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya ibada, ukoo wetu ulimhukumu mtu wa miaka sitini na miwili atembee na kengele ya ng'ombe. Kosa lililotajwa ni kumnyemelea mke wa mwanawe. Kosa hilo hakulitenda. Nalisema hili nikijua kwamba karatasi ya uamuzi ule ina mwandiko wangu, kwa kuwa katika ukoo huo mimi ndiye mwenye shahada, na kikao kikianza kalamu huletwa kwangu.

Mtu huyo ni Asukile, mdogo wa marehemu baba yangu. Kwa miaka ishirini na tisa alipima majani mabichi ya chai katika kituo cha kijiji chao huko Kawetele. Aliutundika mzigo kwenye mizani, akazitaja kilo kwa sauti, kisha akarudisha sigara mdomoni kabla mzigo wa pili haujainuliwa. Sweta lake la kijivu lilikuwa na harufu ya moshi hata baada ya kufuliwa na kuanikwa juani siku mbili.

Katika nyumba yake mila ya Kinyakyusa bado inashikwa. Mkwe wa kike hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala halitaji jina lake. Wakielekea kukutana njiani, yeye hupinda migombani mpaka mzee apite. Doreen, aliyeolewa na Lugano, mwana wa Asukile, alitoka mtaa wa Bagamoyo mjini Tukuyu, mahali ambapo mambo hayo yamelegea. Hata hivyo aliyapokea yote bila kinyongo. Hakuna aliyemfundisha namna ya kujua kwamba mzee anakuja. Alijifunza mwenyewe: moshi ulimtangulia mzee, na kikohozi kilifuata. Ukungu wa kwetu unaweza kumficha mtu aliye hatua kumi mbele yako, lakini harufu ya sigara hauifichi.

Mwezi Julai mwaka huo mjukuu, Lusungu, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu, alianza kubanwa kifua. Muuguzi wa zahanati alimwambia mama mdogo Tulinagwe, mke wa Asukile, kwamba moshi unaoganda kwenye nguo za babu unamdhuru mtoto anapopakatwa. Tulinagwe aliifikisha habari hiyo jioni ile ile. Jumatatu ya tarehe 5 Agosti Asukile aliizima sigara yake ya mwisho kwenye nguzo ya mizani.

Hakumwambia mtu. Alikuwa na sababu. Mara tatu huko nyuma aliwahi kutangaza mbele ya usharika kwamba ameacha, na mara tatu Jotham mwenye kibanda cha sigara alimwona akirudi kununua.

"Mlokole wetu huyo!" Jotham alikuwa akimpokea kwa sauti ya kusikika barabarani. "Safari hii umeacha kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, mzee?"

Basi mara ya nne aliacha kimyakimya. Kilichofuata kilimtisha. Kikohozi, badala ya kupungua, kiliongezeka, na makohozi yakatoka meusi kama maji ya kuoshea sufuria. Ulimi ukaota vidonda. Tumbo likafunga siku nne mfululizo. Mikono ilimtetemeka hata akawa anaishikilia mizani kwa nguvu ili wakulima wasione. Alilowa jasho asubuhi ya baridi, akamgombeza mkewe kwa sababu ya chumvi, kisha akaenda kukaa nyuma ya zizi kwa aibu. Aliamini ameuamsha ugonjwa uliokuwa umelala. Alipima kifua kikuu kwa siri, hakikuwepo. Muuguzi akamweleza kwamba mapafu yanajisafisha. Alirudi nyumbani ametulia, lakini bado hakusema.

Kufikia mwisho wa Septemba kikohozi kilikoma. Njaa ikaja. Alinenepa hata vifungo vya shati havikufika matunduni, akalazimika kununua jingine. Mdomo ulipodai sigara, aliupa pipi ya mnanaa. Tena pua, iliyokuwa imekufa kwa miaka mingi, ikafufuka. Aliniambia baadaye kwamba siku moja alisimama katikati ya shamba la chai akanusa mvua iliyokuwa bado inanyesha upande wa Mpuguso, akatokwa na machozi.

Pua hiyo ndiyo iliyomponza. Jioni moja mwanzoni mwa Oktoba alitoka kituoni akanusa ndizi zikichomwa jikoni kwake. Alidhani ni mkewe. Aliingia moja kwa moja, mkono mbele, kama mtu anayeongozwa na tumbo lake. Aliyekuwa amechuchumaa mekoni, kitenge kimemteremka begani, alikuwa Doreen. Hakukuwa na moshi wa sigara wa kumwonya, wala kikohozi. Alipiga ukelele, akafunika uso, akatoka kwa mlango wa nyuma huku akijikwaa kwenye kuni. Wiki ile ile walikutana tena ghafla kisimani. Walipokutana hivyo mara ya tatu, habari zikamfikia Zebedayo, kaka mkubwa wa Asukile na kiongozi wa ukoo.

Kikao kilikaa sebuleni kwa Zebedayo. Doreen hakuitwa, maana angewekwaje chumba kimoja na mzee? Tulinagwe alikuwa jikoni akipika chakula cha wazee.

"Mtazameni vizuri," Zebedayo alisema. "Amenenepa. Ana shati jipya. Na ananukia pipi! Asukile, mdogo wangu, mzee mzima unanukia pipi ya mnanaa. Unamnukia nani?"

Watu wakacheka. Lugano peke yake hakucheka. Alitazama viatu vyake.

"Kaka, sivyo," Asukile alisema.

"Basi ni vipi? Zamani tulikusikia ukitokea barabarani. Leo unatembea kama paka. Na hiyo mikono inatetemeka nini? Na jasho hilo?"

Asukile alifungua mdomo, akaufunga. Alipaswa kusema: nimeacha sigara. Lakini aliyetazamana naye dirishani, akisikiliza pamoja na wengine, alikuwa Jotham. Isitoshe, kwetu mzee hajitetei hadharani juu ya mkwe wake, kwa kuwa kujitetea kwenyewe kunamlazimu kueleza alimwona vipi. Alinyamaza, nasi tukasoma ukimya kama kukiri. Sikumuuliza hata neno moja. Niliandika kwamba Lugano atahama na mkewe na mtoto iwapo jambo litarudiwa, na kwamba kuanzia siku hiyo mzee atafunga kengele kwenye fimbo yake ili asikike. Kengele ilivuliwa shingoni mwa ng'ombe wake mwenyewe.

Nilirudi Mbeya kwenye kazi yangu nikijiona nimehudumia ukoo. Miezi minne ilipita.

Mwishoni mwa Februari 2025 nilikwenda kuwasalimu. Nilikuwa uani na Doreen tukipukuchua mahindi, Lusungu akicheza na magunzi, tuliposikia kengele ikilia kutoka upande wa barabara. Doreen akasimama ili ajifiche. Mtoto akapiga makofi, akanyoosha kidole kule sauti ilikotoka.

"Ng'ombe!" akasema. "Ng'ombe anakuja!"

Kengele ikanyamaza. Asukile alikuwa ameisikia sauti ya mjukuu wake. Alisimama nyuma ya migomba, hakuja mbele wala hakurudi nyuma.

Doreen alikuwa analia. "Wifi," aliniambia, "kila siku anasema hivyo. Nimemchapa, nimembembeleza, hajui jina lingine la babu yake."

"Lakini ulimwogopa," nikasema.

"Nilishtuka! Kushtuka na kuogopa ni kitu kimoja? Hakunigusa, hakunitazama. Mimi nilikuwa namjua kwa moshi. Moshi umekwisha, mnategemea nimjue kwa kitu gani? Ninyi hamkuniuliza. Mlikula kuku mkaandika."

Nilitoka nikamfuata mzee migombani. Alikuwa ameishika kengele kwa kiganja ili isilie.

"Baba mdogo, umeacha sigara?"

"Huu ni mwezi wa saba tangu niache."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, nani angeamini? Tena, mwanangu, nimeshikwa na hamu mara nyingi. Nikipita kwa Jotham nasema: vuta moja tu, Asukile. Moja tu, utanuka kama zamani, kengele haitakuwa na kazi, na mtoto atakuita babu." Akafuta midomo kwa mgongo wa mkono. "Halafu nakumbuka kile kifua chake."

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tumemfanyia. Tulikuwa tumemwekea mtu njia moja tu ya kurudishiwa heshima yake, nayo ni ile ya kumdhuru mjukuu. Na alikuwa akipita mbele ya njia hiyo kila siku, kengele mkononi, bila kuingia. Niliona aibu ambayo shahada yangu haikunisaidia kuibeba.

Nilikwenda kwa Zebedayo jioni hiyo na karatasi yangu.

"Mambo ya ukoo hayafutwi kama ubao wa shule," alinifokea.

"Baba mkubwa, mwandiko ni wangu. Nimeandika uongo, nami nitausahihisha mbele ya watu wale wale, uwe umekaa au umeondoka."

Alikaa. Kikao kilipoitishwa tena niliisahihisha karatasi mbele ya wote, na safari hii Doreen aliitwa. Alizungumza akiwa nyuma ya pazia la mlango, na kila mtu alimsikia. Lugano alimwomba baba yake radhi kwa sauti iliyokatika. Zebedayo hakuomba. Alitazama dari, akauliza kama chakula kimeiva. Doreen alisema ombi lake ni moja: mzee akikaribia nyumbani apige mluzi, kama mtu mwingine yeyote anayerudi kwake.

Jumamosi ya tarehe 8 Machi 2025 Asukile aliifungua kengele kwenye fimbo yake akairudisha shingoni mwa ng'ombe, na tangu siku hiyo hajaifunga tena, wala hajavuta sigara.