Doper Wangu na Wanakondoo Wawili wa Mama

Mwaka nilioacha kufundisha nilivuka Busia kwenda upande wa Kenya, nikarudi na kondoo wa doper, wale wenye vichwa vyeusi na miili myeupe. Walikuwa wamenona hata ukiwatazama unajiona umekonda. Muuzaji aliniambia doper hunenepa kwa majani tu. Hakusema majani kiasi gani, nami sikuuliza. Mtu aliyefundisha sayansi maisha yake yote haulizi maswali ya namna hiyo.

Walipozaa nilikuwa na wanakondoo kumi na wanane pamoja na mama zao, wote ndani ya eka moja pale Dabani. Mama yangu alikuwa na wanakondoo wawili wa kienyeji. Siku moja aliegemea nguzo ya ua wangu, akauliza kama wangu hula kwa zamu. Nilimweleza kwa upole habari za mbegu bora. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuwahamisha wake, aliowafunga kamba kando ya kinamasi na kuwabadilishia mahali asubuhi na jioni.

Miezi mitano baadaye kanisa lilihitaji mwanakondoo wa sherehe ya mavuno. Nilisimama mbele ya waumini nikaahidi atatoka kwangu, nikaongeza, bila kuombwa, maneno machache juu ya ufugaji wa kisasa.

Mchinjaji alikuja Jumamosi. Eka yangu ilikuwa imenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi. Alipapasa mgongo wa mwanakondoo wa kwanza, wa pili, hata akafika wa saba.

“Mwalimu, hii ni mbegu nzuri,” akasema. “Sasa nyama iko wapi?”

Akapita kwa mama. Alimshika mmoja wa wale wa kienyeji kiunoni, vidole vyake visiupate mfupa. Mama alimtoa, akaagiza kanisani isemwe ametoka kwangu, maana mimi ndiye niliyeahidi. Afadhali angenicheka. Jumapili nilipongezwa kwa ufugaji wa kisasa, nikashukuru.

Wiki ile nusu ya kundi niliipeleka kwa shemeji yangu kule Lumino, kwenye malisho mapana. Majani yaliporudi, waliobaki walinenepa kweli, wakapitiliza. Mchinjaji akalalamika kwamba wateja wake wanataka nyama, nami namletea mafuta.

Nilimpelekea mama tatizo hilo. Alikuwa akichambua mboga, hakuinua macho.

“Basi ongeza kondoo,” akasema.

Nilikaa kando yake nikamsaidia kuchambua.