Jino Ambalo Halikuwa la Koko

Juma lililopita mama mmoja alimleta binti yake kanisani, shavu limevimba, ili mimi, mzee wa kanisa, nitie sahihi barua ya wasiojiweza. Kwa barua hiyo kituo cha afya hung'oa jino kwa bei ambayo hata mkimbizi anaiweza. Binti aliinamisha uso. Nikakumbuka, rafiki yangu, shavu langu mwenyewe.

Nilikuwa mtoto wa shule. Vita vilikuwa vimetutoa Oicha, bibi yangu na mimi, tukapewa chumba cha nyuma na jirani mwema wa Butembo, chenye harufu ya moshi na maharagi. Kwetu tulikuwa na shamba la kakao. Sisi ndio tuliosaidia wengine. Jino likaniuma hata sombe, mboga laini ya majani ya muhogo, ikanishinda kutafuna. Koko, ndivyo nilivyomwita bibi, alinisugulia chumvi kila asubuhi, bure.

Siku zile mwenye kuomba barua alisimama na mgonjwa wake mbele ya ibada yote, baada ya matangazo, na watu wakaitikia, "Tumewaona." Jumapili ile koko alisimama, akanivuta mkono. Mwalimu wangu alikuwa benchi la mbele, na wenzangu wa darasa nyuma yake. Sikusimama. Nilifungua kitabu cha nyimbo.

"Mama, mugonjwa ni nani?" shemasi akauliza.

Koko akanitazama. "Ni miye. Jino ni yangu."

Kituoni, muganga, yaani daktari, alimwambia afungue kinywa, akacheka. "Koko, meno yako inapita hata yangu! Mugonjwa iko wapi?" Kisha akaona shavu langu. Aling'oa langu hivyo hivyo, Mungu ambariki.

Nilidhani yamekwisha. Lakini koko alizoea kusema, "Mbele ya Mungu hakuna uongo mudogo." Jumapili iliyofuata alisimama tena, peke yake. "Nilidanganya kanisa. Jino haikukuwa yangu." Hakusema la nani. Shemasi alingoja. Kinywa changu kilikuwa kimepona kiasi, ningeweza kusema. Nilifungua tena kitabu cha nyimbo.

Wakamtenga na Meza ya Bwana hadi Pasaka, akawa anakaa benchi la mwisho. Nyumbani aliendelea kunipondea viazi, nisiumie.

Koko alishalala katika Bwana zamani. Desturi ile ya kusimama mbele ya ibada nayo imekwisha. Mimi ndiye niliyeomba iondolewe, na watu husema nina huruma. Namshukuru Mungu kwa uvumilivu wake kwangu. Lakini kila nikitia sahihi, ningali mtoto yule aliyekaa, na sasa hakuna tena mahali pa kusimama.